Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara na Kaunti ya Kilifi: chombo kipya kitengenezwe mara ngapi?

Kwa Waziri anayesimamia biashara, kwa Waheshimiwa wa Bunge la Taifa, na kwa Serikali ya Kaunti ya Kilifi.

Waheshimiwa,

Nawaamkua kwa heshima kutoka Malindi. Mimi ni dereva wa tuktuk. Kwa miaka mingi niliendesha za watu na kupeleka hesabu kila jioni, mpaka nikapata mkopo nikanunua yangu, mpya, viti bado vimefunikwa nailoni. Ubovu ulijitokeza mapema na kampuni iliyoniuzia haijauondoa hadi leo. Tuktuk imelala kwenye yadi yao Mombasa, na mkopo naulipa kama kawaida.

Malalamiko ninayo mengi, lakini ombi langu kuu ni moja. Hapa Kenya muuzaji anaweza kuita chombo kipya gereji kwa kasoro ileile, akakirudisha, akakiita tena, na hakuna mahali sheria imesema safari hiyo inaishia wapi. Naomba mwisho huo uandikwe: baada ya kushindwa mara kadhaa zinazojulikana, au baada ya chombo kulala gereji siku kadhaa zinazojulikana, mnunuzi apewe kingine au arudishiwe pesa zake, na achague yeye.

Niwaeleze ubovu wenyewe, maana hapo ndipo mtaona kwa nini hatuwezi kuachwa tuelewane wenyewe na wauzaji.

Gia ya tatu inaruka. Tuktuk ikiwa tupu asubuhi, injini baridi, huoni kitu. Ikishapata moto na abiria watatu wamekaa nyuma, ghafla gia inatoka yenyewe na kurudi nyutro. Mkono uko kwenye gesi, injini inanguruma, chombo hakivuti. Mtu akiwa Barabara ya Lamu katikati ya mji atasogea kando aombe radhi. Sisi wengine tunabeba watu mpaka Mambrui. Ukishavuka daraja la Sabaki una malori ya chumvi ya Gongoni mbele na nyuma yako, na hayo hayasimami kwa ghafla. Nilikuwa nikichukua watoto wa shule kila asubuhi. Niliacha mwenyewe, bila mzazi yeyote kulalamika, kwa sababu sikuweza kuwatazama usoni mama zao nikijua ninachokijua.

Fundi yeyote wa Maweni au Kisumu Ndogo atawaambia gia huruka kwa sababu zipi. Kebo ikilegea gia haiingii mpaka mwisho, ukiikaza tatizo limekwisha, kazi ya muda mfupi tu. Ukiikaza na bado inaruka chini ya mzigo, basi tafuta ndani ya boksi la gia: meno yamelika au hayakukatwa sawa, ama uma unaosukuma gia umepinda. Hayo hayaonekani kwa nje. Boksi lazima lifunguliwe.

Kampuni ina duka hapa Malindi, lakini duka hilo ni la kuuza tu. Karakana iko Mombasa, kilomita kama 120 kutoka hapa. Kila nilipopeleka tuktuk, mafundi walikaza kebo, wakabadilisha oili, wakazunguka nayo uani ikiwa tupu, wakaandika kwenye karatasi kwamba imekaguliwa na haina tatizo. Niliwaomba wapande watu watatu tuizungushe mpaka injini ipate moto. Wakasema utaratibu hauruhusu. Niliomba boksi lifunguliwe nikiwepo. Wakasema hilo ni mpaka idhini itoke juu. Aliye juu sijawahi kumwona. Namba niliyopewa inapokelewa na binti mwenye adabu sana ambaye kila siku huahidi nitapigiwa. Simlaumu binti yule, kazi yake ni kupokea simu na uamuzi hauko mikononi mwake. Ninayemlaumu ni yule aliyepanga kampuni iwe hivyo, kwamba mwenye kuuza awe na mamlaka ya kupokea laki nne na zaidi kwa dakika chache, lakini mwenye kutengeneza asiwe na mamlaka ya kufungua boksi.

Kuna kijana mmoja fundi palepale karakana aliyenivuta pembeni akaniambia ukweli wa alichokiona. Simtaji wala sielezi zaidi, kwa kuwa bado anatafuta riziki hapo. Nasema tu kwamba wapo watu wa haki ndani ya kampuni hizi, na sheria nzuri ingewapa nguvu ya kusema wazi kile wanachokijua.

Sasa nije kwenye dhamana. Karatasi yangu, kama za wenzangu wengi, inasema dhamana ni ya mwaka mmoja au kilomita 12,000, lolote litakalotangulia. Kwa mtu anayetumia chombo kwenda kazini na kurudi, huo mwaka ni wake kweli. Kwa tuktuk ya biashara hesabu ni nyingine. Ikitembea kilomita 120 kwa siku, jambo la kawaida kabisa kwa anayepiga Watamu, Gede na Mambrui, kilomita 12,000 zinaisha kwa siku 100. Kwa hiyo anayeandika mwaka mmoja kwenye karatasi ya tuktuk anajua, au anapaswa kujua, kwamba ameuza dhamana ya miezi mitatu na kidogo. Mwaka unaosemwa dukani haupo barabarani.

Halafu siku ambazo chombo kiko gereji zinahesabiwa pia. Sheria inaweza kulitengeneza hili kwa sentensi moja: chombo kikiwa mikononi mwa muuzaji kwa matengenezo, muda wa dhamana umesimama. Na kilomita za kwenda Mombasa na kurudi kwa ajili ya ubovu wake zisikatwe kwa mnunuzi. Kwenda huko ukiendesha unatumia kilomita za dhamana, na ukiogopa kuiendesha unakodi kenta kuibeba, gharama yako mwenyewe. Fundi wa Malindi akigusa boksi, dhamana imekufa. Mimi hiyo siiti huduma.

Mkopo nao hauna subira. Logibuku ina majina mawili, langu na la mkopeshaji. Chombo kina kifaa cha kufuatilia, na marejesho ni kila wiki. Duka ndilo lililonitambulisha kwa mkopeshaji, fomu zote nilijazia meza moja, siku moja. Gia ilipoanza kuruka, nikaambiwa hao ni watu wawili tofauti: ubovu ni wa muuzaji, deni ni la mkopeshaji, na kila mmoja hana habari na mwenzake. Wakati wa kuuza walikuwa kitu kimoja. Mkinisaidia kwa hili peke yake nitashukuru, kwa niaba ya vijana wengi wa Shella, Muyeye na Kijiwetanga ambao wamenyang'anywa tuktuk si kwa uvivu wao: pale muuzaji na mkopeshaji wanapouza pamoja, marejesho yasimame siku zote ambazo chombo kiko gereji chini ya dhamana, bila faini, na bila mnada.

Najua mtasema sheria zipo. Zipo, nimezisoma, na mpwa wangu anayesomea uwakili alinifafanulia pale Kiingereza kilipokuwa kigumu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua, ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia kwa hasara au majeraha yanayotokana na kasoro. Ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kabla ya zote hizo tunayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, tuliyoachiwa na wakoloni, ambayo inasema bidhaa iwe ya ubora wa kuuzika na ifae kwa kazi ambayo muuzaji aliambiwa. Muuzaji wangu alijua tuktuk hii ni ya kubeba abiria, na sidhani kama tuktuk inanunuliwa kwa kazi nyingine.

Tatizo limejificha kwenye sheria hiyohiyo ya zamani. Inasema mnunuzi akikaa na bidhaa kwa muda wa kutosha bila kuikataa, anahesabiwa ameikubali, na akishaikubali hawezi tena kuirudisha, anabaki kudai fidia tu. Muda wa kutosha ni siku ngapi? Haijasemwa. Mtu mwenye subira, anayempa muuzaji nafasi ya kutengeneza kama heshima inavyotaka, ndiye anayepoteza haki yake polepole bila kujua. Mkali anayetupa funguo mezani wiki ya kwanza ana nguvu kisheria kuliko mpole. Sisi watu wa pwani tumelelewa kusema maneno mazuri kwanza, na sheria inatuadhibu kwa malezi hayo.

Mtaniambia pia kuna Mahakama ya Madai Madogo. Nayo naijua na naiheshimu. Iliundwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Bei ya tuktuk inaingia humo. Lakini hakimu atataka ushahidi kwamba kasoro ilitoka kiwandani na si uendeshaji wangu mbaya. Ushahidi huo uko ndani ya boksi, na boksi mkataba umenikataza kulifungua. Nikilifungua nitapata ushahidi na kupoteza dhamana. Nisipolifungua nina dhamana na sina ushahidi. Hapa ndipo mahali ambapo mtu wa kawaida anakata tamaa, anauza chombo kwa hasara kwa mwingine asiyejua, na ubovu unaendelea kubeba abiria chini ya jina jipya.

Wenzetu wametatua hili na si jambo geni. Afrika Kusini, nchi ya bara letu hili, ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2008. Humo mnunuzi ana miezi sita tangu kupokea bidhaa. Ikiwa na kasoro anairudisha kwa gharama na hatari ya muuzaji, na ni mnunuzi anayechagua: itengenezwe, ibadilishwe, au arudishiwe pesa. Ikitengenezwa na ndani ya miezi mitatu kasoro ikarudi au nyingine ikajitokeza, hakuna tena habari ya kutengeneza, muuzaji abadilishe au arudishe pesa. Someni hayo maneno, kwa gharama na hatari ya muuzaji. Kwa mtu wa Malindi anayekodi kenta, au wa Lamu, maneno hayo yana uzito kuliko hotuba nyingi.

Marekani, jimbo la Connecticut lilipitisha sheria ya magari mapya mabovu mwaka 1982, na majimbo mengine yakafuata. Kipimo chao kilikuwa rahisi kiasi kwamba hata mimi naweza kumweleza mama yangu: kasoro ileile ikijaribiwa kutengenezwa mara nne bila mafanikio, au gari likilala gereji jumla ya siku 30, mnunuzi ana haki ya kubadilishiwa au kurudishiwa. Uingereza, ambako sheria yetu ya mauzo ilitoka, wao wenyewe waliiacha ile lugha ya muda wa kutosha kwa wanunuzi wa kawaida. Tangu 2015 mnunuzi ana siku 30 za kukataa bidhaa mbovu moja kwa moja, baada ya hapo muuzaji ana nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na kasoro ikionekana ndani ya miezi sita inachukuliwa ilikuwepo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Mzigo wa ushahidi umewekwa kwa mwenye karakana, mwenye mafundi na mwenye michoro ya injini, na hapo ndipo mahali pake.

Ila nawaonya kwa heshima msiinakili ya Uingereza yote. Ile inamlinda anayenunua kwa matumizi yake binafsi, nje ya biashara. Mkiileta hapa hivyo ilivyo, muuzaji wa kwanza atasema dereva wa tuktuk ni mfanyabiashara, hahusiki. Na kwetu Kenya chombo kipya cha mtu maskini karibu kila mara ni cha kazi: tuktuk, bodaboda, mashine ya boti, jenereta ya kinyozi. Andikeni wazi kwamba mtu mmoja anayenunua chombo cha kujitafutia riziki ni mtumiaji kamili.

Nimetaja mashine za boti kwa makusudi. Ndugu zetu wa Lamu hawana haja kubwa na tuktuk kisiwani, lakini mashine ya boti kwao ni barabara. Mashine mpya ikizimika mkondoni, abiria wako majini, na kuipeleka kwa wakala ni kuipakia boti mpaka Mokowe, kisha barabara ndefu ya kupitia Garsen na Malindi mpaka Mombasa. Kanuni mtakayoandika isiseme magari peke yake.

Sheria ya 2012 inampa Waziri uwezo wa kutunga kanuni. Kwa hiyo si lazima tusubiri mswada upite hatua zote za Bunge ili tuanze. Kwa maoni yangu kikomo kinachofaa hapa kwetu ni majaribio mawili kwa kasoro inayohatarisha maisha, yaani breki, usukani, magurudumu na gia, na matatu kwa nyingine, au jumla ya siku 30 gereji, kwa muda wa miezi sita ya kwanza bila kuangalia kilomita. Wauzaji watapinga hili la kilomita. Watasema tuktuk ya biashara inachoka haraka. Ni kweli inachoka, ndiyo maana nasema miezi sita na si miaka miwili. Kuchoka kwa tairi, klachi na breki hatumdai mtu. Boksi la gia halichoki kwa wiki chache.

Kisha tupeni watu wa tatu wa kukagua. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kinafundisha uhandisi wa mitambo, na Kilifi kuna vyuo vya ufundi. Wizara ikishirikiana nao iandae orodha ya mafundi wanaoaminika, ambao ripoti yao itakubaliwa na muuzaji na mahakama, na kufungua kwao boksi kusivunje dhamana. Aliyeshindwa ndiye alipe gharama ya ukaguzi.

Kwa Kaunti ya Kilifi nina neno langu pekee. Jedwali la Nne la Katiba limewapa kaunti usimamizi wa leseni za biashara na mienendo ya haki katika biashara. Hiyo ya pili naona imesahaulika. Leseni ya kuuza vyombo vya moto Malindi mnaitoa ninyi. Iwekeeni sharti: anayeuza hapa awe na fundi wake anayetambuliwa na kiwanda ndani ya kaunti, na akiba ya spea za kawaida. Si lazima ajenge karakana ya fahari, anaweza kuingia mkataba na gereji iliyopo na kuwafunza vijana wetu, na hapo mtakuwa mmetoa ajira pia. Asiyeweza kutengeneza Kilifi asiuze Kilifi.

Na karatasi za dhamana ziwe kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Bei dukani tuliambiwa kwa Kiswahili na sifa za chombo kwa Kiswahili. Masharti ya kupoteza dhamana ndiyo yaliyoandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo. Niliuliza maana ya ukurasa wa nyuma nikaambiwa ni mambo ya kawaida. Mambo hayo ya kawaida ndiyo yaliyonifunga mikono.

Wapo wauzaji waaminifu, nami nawajua madereva waliobadilishiwa injini nzima bila kelele. Kiwanda chochote duniani kinaweza kutoa chombo kibovu kimoja kati ya vingi, na sina ugomvi na hilo. Wauzaji hao waaminifu wanaumizwa na hali ya sasa kama sisi, kwa sababu wanaobeba gharama ya kutenda haki wanashindana bei na wasioibeba. Kikomo cha kisheria kitawaweka wote kwenye mstari mmoja.

Waheshimiwa, sijaandika haya kuomba tuktuk yangu peke yake. Madai yangu nitayapeleka mahakamani, boksi likiwa limefungwa au limefunguliwa. Ninachoomba kwenu ni kikao. Wakati wa msimu mnakuja Malindi kwa mikutano, hoteli za hapa mnazijua. Tupangieni siku moja, Waziri au afisa wake mwenye mamlaka, pamoja na afisa wa biashara wa kaunti, wauzaji wa vyombo vya moto na wakopeshaji wao. Sisi madereva tutakuja na mikataba yetu, karatasi za karakana na risiti za kenta, tuziweke mezani mzisome wenyewe. Tuambieni tarehe.

Wenu kwa heshima,
Dereva wa tuktuk, Maweni, Malindi